Kwa Atakayeshika Zamu Yangu

Nzigire, funguo nimeziacha kwa mlinzi.
Ndoo ya bluu ni ya vyoo, nyekundu usiiguse,
na mlango wa nyuma, hapa maktaba ya Lochee,
hukwama mvua ikinyesha; yaani hukwama kila siku.
Hayo wangekwambia wenyewe.

Haya hawatakwambia:
saa tano na robo usiku, ukishamaliza ngazi,
una dakika kumi na tano zisizo na mwenyewe.
Usizimalize kwenye simu.
Nenda kona ya watoto, kalia ule mto wa umbo la kobe
(goti litalia, liache lilie),
nyosha mkono rafu ya chini kabisa.

Anza na kile cha bata asiyejua kupanga foleni.
Maneno yake hayafiki mia.
Nilicheka hadi mopu ikaanguka,
kisha nikakumbuka foleni ya uhamiaji, kule Glasgow,
nikakirudia, safari hii bila kucheka.

Kuna kingine hakina neno hata moja.
Mzee anafua gauni la marehemu mkewe, analianika,
upepo unalivaa.
Basi. Ndiyo hadithi nzima.
Usikisome siku uliyopigiwa simu kutoka nyumbani.
Au kisome siku hiyohiyo, sijui. Mimi nilikisoma.

Cha mwezi, chenye jalada la kumetameta, kiruke.
Kinahubiri kama shangazi aliyekuja kukaa wiki moja.

Ukichoka na picha, vuka upande wa pili,
kwenye vijitabu vyembamba kama chapati za mwisho wa mwezi.
Tafuta hadithi ya kurasa tisa, ya mwanamke wa kiwandani,
enzi mji huu ulipoushonea ulimwengu magunia.
Mashine zilimeza sauti, wakawa wanasemezana kwa midomo na vidole.
Niliisoma mara tatu kwa kamusi, ya nne bila.
Asubuhi nikapita kwenye bomba la kiwanda, bado limesimama,
nikalisalimu kwa vidole.

Najua utasema: mimi na mvi zangu, nisome vya watoto?
Kiingereza changu cha kweli nimekiokota rafu ile,
si darasani, tulikofundishwa kuagiza keki
tusizokuwa na pesa ya kuzinunua.
Nilisoma kwa sauti. Viti vilinivumilia kuliko walimu.

Usiku mmoja Katriona, yule wa dawatini,
alirudi kufuata miwani,
akanikuta namwigiza bata.
Nikaganda. Nikashika mopu kama kitambulisho.
Hakusema kitu. Akazima taa kubwa, akaniachia ndogo.
Kesho yake, juu ya kobe, vitabu vitatu vipya,
havijagongwa hata muhuri,
na kikaratasi: "Niambie kipi kibaya."

Tangu hapo ndiyo kazi yangu ya pili, haina mshahara.
Naandika nyuma ya risiti: hiki ndiyo, hiki hapana,
hiki mpe mtoto anayeogopa kuoga.
Zimo kwenye droo, chini ya mifuko ya taka.
Endelea mkono wangu ulipokomea,
na usikubaliane nami kila mara.

Kile cha bata, ukikikuta mahali pake,
kisome, lakini sikitika kidogo:
maana yake leo hakuna aliyekwenda nacho kwao.