Lilichanua Jumanne

Nilikuja nayo kutoka Lushoto,
mizizi ndani ya gazeti lililoloa, chini ya kiti cha basi,
vinundu vitano kama vidole vya mtoto aliyechelewa mtoni.
Kule yungi hili halina heshima,
linajiotea mferejini, mbuzi wanalipita.
Hapa Ihumwa nililichimbia kwa sururu
na ardhi ikatoa cheche.

Nhonya, jirani, alisimama na ungo wake.
"Linaliwa?"
Nikamwambia ni ua tu,
likichanua asubuhi, jioni limekwisha.
Alicheka mpaka uwele ukamwagika.
"Siku moja! Na dumu la maji mia tano!"

Kesho yake akaja na mabua ya mtama
na machicha ya zabibu yanayonuka siki.
Akalifunika shina, akalizungushia kingo za udongo
kama mtu anayefinyanga sahani.
"Usilinyweshe kila siku, litadeka.
Subiri likate tamaa kidogo."

Nikajifunza uchoyo wenye huruma:
maji ya kuoshea mchele, Jumatano;
ya kunawia uso, Jumamosi, yakibaki.
Agosti upepo ulitupita na vumbi jekundu,
ukanisomba kitambaa kichwani, mabua ukayaacha.
Oktoba majani yakawa kamba za katani.
Nikafukua kwa kijiko, nikitarajia msiba.
Vinundu vilikuwepo, baridi, vimenuna,
vimeshika maji yao
kama mama aliyefunga noti kwenye pindo la kanga
na hasemi ni ngapi.
Nikafukia upesi. Niliona haya,
kana kwamba nimefungua barua ya mtu.

Desemba mvua ilinyesha usiku mmoja, ikaondoka.
Bua likasimama. Vitumba vitatu.
Nikavipima kwa macho, nikahesabu,
nikaomba ruhusa kazini, Jumatano.

Likachanua Jumanne.

Jumanne ni zamu ya mtaa wetu bombani.
Tangu alfajiri nilikuwa foleni na madumu manne,
nyuma ya punda wa Chedego,
bomba likikohoa kama mzee wa tumbaku,
likitoa tone, likitoa hewa.
Nilirudi taa zimewashwa.
Ua lilikuwa limejisokota,
kitambaa kilichokamuliwa na mtu mwenye haraka.

Nhonya alikuwa kando yake, kwenye kigoda,
uwele wa siku nzima haujapepetwa.
"Lilikuwa rangi gani?"
Akafikiri muda mrefu.
"Kiini cha yai la kienyeji
kinapogusa mafuta ya moto. Siyo hiyo.
Jirani yake."
Kisha akautazama ungo magotini.
"Saa sita jua lilipokuja juu
nililikingia na huu.
Nilidhani utawahi."

Sikuwa na la kusema.
Nikainamisha dumu juu ya shina,
kwa vile viwili vilivyobaki,
na maji yakaanza kukimbia gizani.
Akanishika mkono.
"Robo," akasema. "Litadeka."