Baiskeli ya Ambilikile

Wameileta asubuhi, imefungwa kamba juu ya bajaji,
gurudumu la mbele limekunjika kama chapati.
"Inyooshe, fundi," mama akasema.
"Gwamaka ataanza nayo Jumatatu."
Akakaa juu ya tairi kuukuu, khanga puani.
Baridi, alisema. Baridi tu hii ya Juni.

Sikuwapo Iwambi siku ile.
Lakini chuma hakijui kuficha siri.
Fremu haina hata mkwaruzo:
lori halikuigusa.
Uma umerudi nyuma, kama kidevu cha mtu aliyeshtuka:
hilo ni shimo.
Raba ya breki ya kushoto, niliyoifunga mimi Alhamisi,
imelika mpaka kwenye bati:
aliminya, Ambilikile, aliminya mteremko mzima,
na keria mpaka sasa inanuka mtindi.
Kilichoguswa na lori
hakikuletwa kwangu.

Shimo lenyewe tunalijua, na umri wake tunaujua.
Lilizaliwa masika yale kitinda mimba wangu anaota meno.
Lilianza kama kikombe, likawa sufuria,
likawa beseni la kuogeshea mtoto.
Mtu akachomeka tawi la mbono liwe alama;
tawi, kwa ukaidi wake, likachipua majani matatu
kabla tairi la tela halijapita juu yake.
Pembeni lami imeliwa kama mkate na panya,
mstari mweupe umekwenda na maji mpaka mtoni,
na anayeshuka na maziwa alfajiri, ukungu umelala barabarani,
ana korongo kushoto
na matairi ishirini na mbili kulia,
na honi mgongoni.

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga.
Hawakusema umpishie wapi.

Sitaki kusema madereva ni wachawi.
Mmoja wa tangi la mafuta, mtu wa Kapiri,
alisimama hapa kuomba waya,
macho mekundu, siku tatu hajalala kitandani.
Akaniambia: "Mzee, kutoka kule juu
mtu wa baiskeli ni kama sisimizi kwenye ngazi.
Nikimwona, nimeshampita."
Nikampa waya. Jibu sikumpa.
Mpaka leo nalitafuta.

Basi nainyoosha.
Uma kwenye moto, nyundo taratibu,
spoku nane mpya, deni lisiandikwe.
Mama anataka kengele. Kengele!
Nani juu ya injini ile atasikia ngriing?
Nafunga kioo cha bodaboda upande wa kulia,
na nyuma ya keria kipande cha taa nyekundu
ya fuso iliyopinduka Uyole.
Kimevunjika kona moja, lakini ukikimulika
kinakutazama.
Kengele nayo nimeiweka, kwa ajili ya mama.

Jioni Gwamaka akaja na kaptura ya shule,
ncha za vidole tu ndizo zinazofika kwenye pedali.
Nikamfundisha kutazama nyuma
bila usukani kuifuata shingo.
Akaweza mara ya tatu. Ana shingo ya baba yake,
nami nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

"Fundi, nikiliona linakuja?"
"Shuka. Baiskeli vutia majanini, simama, lipite."
Akafikiri.
"Na yakija kumi?"
"Shuka mara kumi."
"Na maziwa yakichacha?"

Nikachukua spana,
nikakaza spoku iliyokwisha kukazwa.