Samaki Arobaini

Pipa la buluu nimelilaza, nikalikata ubavu;
juu yake sanduku la mawe ya volkano,
yaleyale yaliyoimeza nyumba ya shangazi Ndosho.
Leo yanashika mizizi ya lengalenga.

Limebaki swali la samaki.

Sambaza? Hufa kabla ndoo haijavuka barabara.
Kambale? Usiku wa tatu atabaki mmoja,
mnene, bila ndugu wala aibu.
Tilapia basi, anayevumilia maji ya watu maskini.

Kijana wa Kituku akanifuata, mfuko chini ya koti:
“Mama Katungu, watoto wa ziwani, nusu bei.”
Nikawatazama. Wembamba kama kucha,
wamekokotwa kwa chandarua cha mbu.

Chandarua kile tulipewa cha malaria.

Nikapanda pikipiki hadi mabwawa ya Muhindo.
Akanihesabia arobaini, mmoja mmoja,
alipokosea akaanza upya;
akanipa risiti yenye muhuri wa uvuvi,
wino umelowa pembeni.

Nimeibandika ukutani, juu ya pipa.
Samaki hawasomi.
Ila asubuhi, nikiwarushia pumba,
nalitazama ziwa pale chini,
nalo halinidai.