Betri ya Fuso

Gerezani, saa nane, bati linaunguza hata kivuli chake.
Baluni yangu imeachama boneti
na mle ndani hapaingii kidole:
tabo imekalia kiti cha betri.

Nami nimekuja na betri ya Fuso,
nimeipakata kwenye bodaboda toka Buguruni
kama mtoto mwenye homa.

Sikujua akaitazama, akanitazama.
(Fundi umeme huyu, jina lamsingizia.)
Hakutoa futi. Shibiri moja, nyanda tatu:
"Mgeni wako mnene. Nani anatoka?"

Likatoka kopo la maji ya waipa.
Ikatoka honi.
"Honi? Dar hii?"
"Utapiga mluzi."

Grenda ikalia, cheche zikatua kwenye chai yangu.
Akakata ndala yake ya kushoto,
akaitandika chini ya betri, isiumizwe na mashimo ya Tandika;
kichwa cha chanya akakivisha mpira wa tyubu,
maana boneti ikikigusa, alisema,
utazika gari pamoja na nyusi zako.

Boneti ikagoma. Wanda mmoja tu.
Akaikalia.

Ufunguo mara moja, injini ikanguruma
hadi wauza spea wakageuka.
Fundi ameshavuka barabara, mguu mmoja peku.
Nikabonyeza honi kumuaga.
Kimya.
Nikapiga mluzi.