Ruhusa ya Kulaza

Saa saba na robo usiku, Mbodze anapiga simu kutoka Shimanzi.
Stima imepotea tangu isha,
jenereta la godauni limekohoa mara mbili likanyamaza,
na betri ya kompyuta ya mizani imebaki asilimia kumi na nne.
"Nimeiambia ilale. Yanambia sina ruhusa.
Yakutaka wewe."

Yanitaka mimi.
Mimi niko Kisauni, kikoi kiunoni,
mguu mmoja ndani ya chandarua.
Mwanamke huyu amelaza watoto wanne,
amemlaza mamake mgonjwa miezi minane, mkono kichwani,
lakini kuilaza mashine isiyozidi sinia
lazima aniamshe mimi.

Nilijitakia.
Siku ile nazipanga zile mashine
nilijipa mzizi peke yangu,
neno la siri nikalificha hata kwa tajiri.
Nikajiambia ni usalama.
Na usalama ulikuwamo, kijiko kimoja;
kilichobaki kilikuwa utamu wa kuitwa.

"Bonyeza kitufe," namwambia, "usiachie."
Hakuiachia. Haikulala, ilikufa,
na malori kumi na moja yakafa nayo,
uzito wao, namba zao, jina la dereva wa Voi
aliyengoja risiti hadi alfajiri.

Asubuhi nikavuka daraja bila chai.
Nikafungua dirisha jeusi, nikaunda kundi,
nikaliita walazaji.
Nikamtia Mbodze, nikamtia Shekue wa zamu ya mchana,
na Lenjo mlinzi, maana usiku mwingine ni yeye tu.
Kisha kanuni, mistari sita:
mtu wa kundi hili, akiwa amekaa mbele ya mashine yenyewe,
akisema lala, ilale;
akisema zima, izime;
asiulizwe neno la siri.
Hapo tu. Vitabu vya mhasibu haviguswi.
Nyumba sikumpa mtu, nimewapa swichi ya taa.

Mara ya kwanza ilikataa.
Nukta mkato moja niliisahau,
na sheria nzima ikawa kama haikuandikwa.

Mara ya pili Mbodze akafunga kifuniko kwa viganja viwili,
polepole, kama afunikaye wali.
Taa ndogo ubavuni ikaanza kupumua.
"Ala! Kumbe yajua kulala."
Akafungua. Mizani ikawa pale pale, lori lile lile,
kilo zile zile.

Wiki hiyo stima ilipotea mara tatu.
Simu yangu kimya.
Usiku wa tatu nikaamka mwenyewe, saa saba na robo,
nikatazama kioo kitupu,
nikaona haya, nikapiga.

"Mbodze, mashine?"
"Imelala zamani," akasema, na nyuma yake
nikasikia Lenjo akicheka na redio ya betri.
"Nawe lala."