Ncha za Vidole

Dukani kwa Chipojola, Newala, nyuma ya soko,
magitaa matatu yananing'inia kwa kamba ya katani.
"Mwanao ana miaka mingapi?"
"La kwangu."
Akakohoa, akashusha lile jekundu
linalong'aa kama bodaboda ya juzi.

Nikaligonga tumbo kama mtu anayechagua nazi:
sauti ikabaki humohumo.
La pili nikalielekeza mlangoni, nikafumba jicho moja;
shingo imepinda, itanidanganya kila noti.
La tatu lina ufa uliozibwa kwa gundi,
na uzi wa sita ni waya wa breki ya baiskeli.
Nikalikwaruza mara moja tu,
Chipojola akasahau chenji aliyokuwa anahesabu.

Wanasema nyuzi huwatoa wanagenzi machozi.
Mimi nimebangua korosho misimu kumi na mmoja,
mafuta ya ganda yamenila ngozi,
na siku ya kusajili laini ya simu
mashine iliniambia sina alama za vidole.
Kijana wa laini akavipangusa kwa shati lake,
akajaribu tena, akajaribu dole gumba,
akaniangalia kana kwamba nimemwibia mtu.

Jioni nakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
maji ya kununua yamo pipani, ugali haujaiva.
Kodi tatu nazijua. Ya nne, ile ya F, bado nadaiwa:
kidole cha kwanza hakitaki kuzilalia nyuzi zote.
Somoe, jirani, anagonga ukuta.
"Leo ilikaribia," anasema. "Rudia."