Kengele ya Ganda la Bomu

Kohima, Julai. Ukungu umeingia hadi wodini,
umeketi vitandani kama mgeni asiyejua kuaga.
Kesho saa mbili asubuhi, Daktari Imtisunep
atafungua koo la mama yangu
na kutoa kile kisanduku cha sauti
kilichoongoza kwaya yetu miaka thelathini na mmoja.

Uvimbe, wanasema. Kama punje ya hindi.
Punje! Sisi ni wakulima, tunazijua punje
na tunajua zinavyofanya zikiachwa gizani.

Mchungaji alikuja jana na maneno ya pamba.
"Mama Neibanuo, yote ni mapenzi ya Mungu."
Mama akamtazama hadi akaanza kutafuta kofia yake.
Kisha kwa ile sauti iliyobaki, sauti ya jiwe la kusagia:
"Kaa. Usimsingizie Mungu.
Mwanawe alilia bustanini, akaomba kikombe kimwepuke,
na wenzake wakawa wanakoroma.
Wewe usilale tu. Hilo litanitosha."

Hakulala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki
mpaka chai yake ikaota utando.

Mimi ndiye niliyekimbia.
Nilisimama koridoni nikagombana na Mungu kimyakimya,
maana nesi alikuwa karibu:
Mwili mzima una mahali pa kuumia,
una magoti, una vidole vya miguu,
kwa nini uchague pale pale unaposifiwa?
Mvua ikapiga bati.
Siandiki kwamba hilo lilikuwa jibu.

Usiku mama akaniamsha. Nikadhani ataimba.
Nikashika simu, nirekodi.
Akasema: "Soya ukishaichemsha, ifunge kwa majani ya mgomba,
iweke juu ya meko siku tatu, si nne.
Wewe huiweka nne. Harufu inafika hadi kwa Vilasie."
Akasema: "Deni la Khrielie, msamehe nusu.
Nusu alipe, asije akajidharau."
Akalitaja jina la baba.
Akalitaja la kaka yangu aliyefukiwa na maporomoko barabarani,
jina ambalo hakulitamka tangu mazishi:
Neizokho.
Polepole, silabi kwa silabi,
kama mtu anayevua pete kabla ya kufua.

"Unaogopa, mama?"
"Ndiyo. Lakini woga wangu umepata pa kukaa.
Upo miguuni pake. Hauzururi tena."
Kisha: "Kengele yetu, unaikumbuka?"

Nani asiyeikumbuka? Ganda la bomu,
masalio ya vita vya wageni
waliokuja kuuana kwenye matuta yetu ya mpunga.
Babu na wenzake walilikuta topeni, matumbo yametoka,
wakalitundika kwenye boriti ya kanisa.
Bado lina namba za kiwandani.
"Lilikuja kutuua," akasema mama. "Sasa linatuita.
Watu hulicheka debe tupu kwamba haliachi kuvuma.
Basi niwe debe. Bwana alinipa kinywa, amekitumia.
Apige palipobaki."

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Sikuyarekodi;
simu ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umesahau kazi yake.

Saa mbili kasoro dakika tano wakamsukuma.
Vidole vyake vilikuwa vikigonga chuma cha kitanda,
mapigo ya sauti ya pili, ile isiyosikika
mpaka ikikosekana.

Jumapili ya sita akapanda ngazi za kanisa, shingo imefungwa kitambaa.
Akachukua nyundo mkononi mwa mzee wa zamu
bila kuomba ruhusa. Angeombaje?
Akapiga.
Mbwa wakabweka kijiji kizima.
Akasubiri watulie, akanikonyeza,
akanionyesha vidole vitatu.

Nyumbani, juu ya meko, ilikuwa siku ya nne.